Kishikwambi kimpe mtoto kazi ya kutunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi aliyeandika hivi karibuni kwamba vishikwambi viondolewe katika madarasa ya shule za msingi, kwa sababu vinawafanya watoto wawe wavivu wa kufikiri. Nimefundisha shule ya msingi miaka 22, na sasa ninalea Darasa la Nne. Barua ile niliisoma mara mbili. Mzazi huyo ameona jambo la kweli, na mimi nimeliona darasani kwangu mwenyewe. Ila dawa aliyoipendekeza sikubaliani nayo, na naomba nieleze kwa nini.

Vishikwambi vyetu vilikuja na programu ya kuzidisha. Swali linatokea, chini yake majibu manne. Ukigusa jibu sahihi, nyota inaruka na kengele inalia. Ukikosea, kisanduku kinakuwa chekundu, unajaribu tena. Wiki ya kwanza darasa lilitulia kuliko siku zote, nikafurahi. Kisha siku moja nikasimama nyuma ya mvulana anayekaa dawati la pili, upande wa dirishani. Kidole chake kilikuwa kinaenda kama sindano ya cherehani: la kwanza, la pili, la tatu, nyota. La kwanza, nyota. La kwanza, la pili, nyota. Macho yake hayakupanda hata mara moja hadi pale swali lilipoandikwa. Alipomaliza alikuwa na nyota 20, akanigeuzia skrini nione. Nikamuuliza, "Saba mara nane ni ngapi, mwanangu?" Akanyamaza, kisha akarudisha macho kwenye skrini, akitafuta yale majibu manne ya kuchagulia.

Hapo ndipo ninapotengana na mzazi wetu. Mtoto yule hakuwa mvivu. Alikuwa ameichunguza ile programu akagundua inataka nini: inataka kuguswa, haitaki kufikiriwa. Akaipa inachotaka. Kosa lilikuwa la kazi aliyopewa, na kazi hiyo niliyempa ni mimi.

Wala mtindo huu haukuanza na vishikwambi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha mashine yake ya kufundishia: mwanafunzi anajibu swali dogo, anajulishwa papo hapo kama amepata, anasogea kwenye linalofuata. Nyota na kengele za leo ni wajukuu wa mashine ile. Lakini mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Afrika Kusini, alishirikiana na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kuunda Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Katika Logo mtoto anamwamuru kobe: nenda mbele, geuka kulia, rudia mara nne. Kobe anatembea na kuacha mstari, na mtoto anaona mraba aliouchora kwa maneno yake. Papert alitaka mtoto ndiye aiamrishe kompyuta, isiwe kompyuta inayomwamrisha mtoto. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na bado vishikwambi vingi vinavyoingia madarasani vinamwambia mtoto agusaguse tu.

Basi nikaigeuza ile kazi. Badala ya kujibu maswali, watoto watunge maswali. Nilitumia programu ya kawaida ya slaidi, ile ile ambayo watu wa ofisini hutumia mikutanoni. Kila jibu linaunganishwa na slaidi yake: ukigusa sahihi unakwenda huku, ukigusa kosa unakwenda kule. Watoto watano, kishikwambi kimoja, maswali manne. Nikaweka sharti moja: majibu ya uongo yasiwe ya ovyo. Kila jibu la uongo liwe kosa ambalo mtoto mwenzako anaweza kulifanya kweli, na slaidi yake imweleze ameteleza wapi.

Mhariri, sharti hilo ndilo lililobadilisha darasa langu. Yule mvulana wa nyota 20 alipewa saba mara nane. Kwanza akaandika majibu ya uongo 1,000, 2 na 3. Wenzake wakamkatalia: "Nani atachagua elfu moja?" Akakaa, akaanza kukuna meza kwa ukucha. Baada ya muda akaandika 15. Nikamuuliza kwa nini. "Huyu amejumlisha, mwalimu. Ameona saba na nane, akasahau alama." Akaongeza 78: "Huyu ameziandika tu namba zikae pamoja." Jibu la tatu lilimchukua muda mrefu zaidi. Alifungua jalada la nyuma la daftari, kwenye jedwali la kuzidisha, akapitisha kidole safu kwa safu, mwisho akaandika 54. "Huyu ana haraka. Amechukua ya sita mara tisa." Kisha akabonyeza alama ya maikrofoni na kurekodi maelezo ya slaidi ya 15 kwa sauti yake: "Umejumlisha, rafiki. Chora mistari saba, kila mstari weka vidoti vinane, halafu uhesabu vyote."

Nimesahihisha madaftari miaka 22, na sikuwahi kuwapa watoto nafasi ya kukaa upande wangu wa meza, upande wa mtu anayeuliza mwenzake amekosea kwa njia gani. Mtoto anayeweza kutunga kosa la kuaminika ameelewa hesabu ile kwa ndani. Siku hizi nikimuuliza saba mara nane hatafuti skrini.

Kazi hiyo ilikula vipindi viwili kwa maswali manne. Mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba kwa muda huo huo programu ya nyota ingewapa watoto maswali 100. Ni kweli. Lakini kati ya hayo 100 ni mangapi yangesomwa?

Kinasa sauti ndicho chombo ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji kununuliwa wala kupakuliwa, kwa kuwa kiko tayari ndani ya simu nyingi. Nina mwanafunzi mmoja wa kike ambaye hadi muhula uliopita alikuwa anasoma kwa kunong'ona, maneno yameshikana, nukta na mkato haviheshimiwi. Kumsomesha mbele ya wenzake kulikuwa kunazidi kumfunga mdomo. Nikampeleka pembeni, ukutani, na aya moja yenye sentensi sita, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikaondoka. Aliposikia sauti yake mara ya kwanza alifunika uso kwa mikono. Mara ya pili alisogeza sikio. Nilipomrudia akaniambia, "Mwalimu, hapa nimemeza neno," akaweka kidole penyewe. Akasoma upya. Akasikia kwamba amepita kwenye nukta bila kupumua. Akasoma upya tena. Alirudia aya ile mara tano bila mimi kumwambia hata mara moja, mtoto ambaye nikimwomba arudie mara mbili machozi yalikuwa yanamlenga.

Sijui kama kuna mwalimu anayeweza kumwambia mtoto "umemeza neno" bila mtoto kuumia kidogo. Sauti yake mwenyewe ilimwambia, na hakuumia. Ninazihifadhi rekodi hizo kila mwezi, mafaili yakipewa namba badala ya majina. Mama yake alipokuja shuleni kuuliza maendeleo sikumfungulia kitabu cha alama. Nilimsikilizisha ya mwezi wa kwanza, kisha ya mwezi wa nne. Aliomba kuisikia ya nne mara ya pili.

Jaribio la sayansi nalo nilieleze, maana lilinifundisha zaidi mimi kuliko watoto. Tulipanda mbegu za maharage kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, na tukakubaliana kupiga picha mbili kila siku kwa siku 14, ili zikiunganishwa tuone mche ukiota kama filamu. Siku ya tatu tukazitazama: chupa ilikuwa inarukaruka, mara karibu, mara mbali, mara nusu imekatika. Watoto wakabishana nani kaharibu. Mmoja akasema kosa si la mtu, ni kwamba chupa haina mahali pake. Wakachora duara la chaki chini ya chupa na mraba wa chaki chini ya vitabu vilivyoegemezewa kishikwambi. Tangu hapo hakuna aliyewakumbusha kwamba katika jaribio unabadilisha kitu kimoja na vingine vyote unaviacha kama vilivyo. Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni mwaka baada ya mwaka bila kufika popote.

Ikaja hesabu. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde, na filamu za kusogeza vitu kidogo kidogo mara nyingi hutosheka na 12. Sisi tulikuwa na picha 28. Watoto wakagawa: filamu yetu ingekwisha kwa sekunde mbili na kidogo. Wakasikitika kweli. Nikawaacha. Msichana mmoja akauliza kama ni lazima ziwe 12. Wakajaribu picha nne kwa sekunde, ikawa sekunde saba kamili. Mche ulikuwa unaruka kidogo, lakini ulionekana ukivunja udongo, ukiinua kichwa, ukifungua majani mawili. Wakaitazama nadhani mara 30. Mwaka huu kundi jipya limeshaniambia litapiga picha kila saa wakati wa masomo, na ni wao waliokokotoa wanahitaji ngapi.

Mengine nayapitia haraka. Kamera hiyo hiyo huwatuma watoto nje kuwinda pembe: pembe kali kwenye ngazi, pembe mraba kwenye fremu ya dirisha, pembe butu kwenye mlango ulioachwa wazi, kisha wanachora juu ya picha na kupima kwa kipimapembe. Kwa wadogo wa madarasa ya chini ipo programu ya ScratchJr, iliyotoka mwaka 2014 kwa watoto wa miaka mitano hadi saba. Ni ya bure, maagizo yake ni vipande vyenye alama badala ya maneno, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaweza kupanga hadithi, na ikishapakuliwa haidai intaneti. Dada yake mkubwa, Scratch, ilitolewa na maabara ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, na inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Kwa shule isiyo na mtandao ipo Kolibri, ambayo hukuwezesha kuweka masomo kwenye kompyuta moja na vifaa vingine vya darasani vikasoma kutoka hapo. Hizi zote ni nzuri, lakini mwalimu mwenye simu moja, kamera na kinasa sauti asingoje kupata hizo ndipo aanze.

Najua nitajibiwa kwamba programu za mazoezi zimethibitika. Kuna mahali zilisaidia sana, na ni haki kulisema. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwenye vijiji 170 mkoani Tanga, kwa karibu watoto 3,000, wengi wao hawajawahi kukaa darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, wasioweza walikuwa wamepungua kwa nusu. Mwaka 2019 tuzo iligawanywa kati ya washindi wawili, timu za Kitkit School na onebillion. Mimi kama mwalimu nayavulia kofia matokeo hayo. Lakini yalipatikana kwa watoto ambao hawakuwa na mwalimu. Mtoto mwenye mwalimu na wenzake kando yake anastahili zaidi ya kile kinachofaa pale ambapo hakuna mtu. Na UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu, ilisema wazi kwamba ushahidi mzuri wa faida za vifaa hivi bado ni haba, na kwamba swali la kuuliza ni teknolojia hii inatumika kwa masharti ya nani.

Masharti yangu mimi ni haya. Kifaa kimoja kwa watoto watano kinanifaa kuliko vitano kwa watoto watano, kwa sababu wakishiriki lazima wazungumze, na wakizungumza nasikia wanavyofikiri. Skrini haizidi dakika 20 kabla ya kurudi kwenye daftari na penseli. Mtoto mwenye mwandiko mbaya ananihuzunisha vile vile kama zamani. Sura ya mtoto haipigwi: tunapiga mikono, vitu, michoro. Sauti na picha hazitoki kwenye kifaa cha shule, haziendi kwenye kundi la wazazi wala mtandao wowote, hata zikiwa nzuri namna gani. Nimewahi kuombwa na watu wenye nia njema, nikakataa.

Kwa wanaotengeneza programu kwa ajili ya watoto wanaosoma Kiswahili nina malalamiko mawili. La kwanza, msomaji wa sauti. Programu moja tuliyokuwa nayo ilitamka Kiswahili kana kwamba ni lugha nyingine iliyovaa nguo zetu, mkazo ukiangukia silabi isiyo yake, na watoto wakaanza kuiga. La pili limeniuma zaidi. Katika zoezi la imla, mtoto aliandika "ng'ombe" sawasawa, herufi kwa herufi, akawekewa alama nyekundu. Akafuta, akaandika tena, nyekundu. Mara ya tatu akaandika "ngombe", bado nyekundu, na sasa ikiwa na haki. Tulikuja kugundua kwamba ile alama ya ritifaa (') kwenye kibodi ya kishikwambi imepinda kidogo, na waliotengeneza zoezi walikuwa wameweka iliyonyooka. Mtoto aliyejua kuandika neno lake alifundishwa na mashine kwamba hajui. Ukweli wa "ng'" na "ng" ndio tofauti ya ng'ombe na ngoma, na hauwezi kuachiwa mtu ambaye hajawahi kufundisha mtoto kuitamka. Naomba kabla programu haijafika darasani, mwalimu mmoja wa lugha akae nayo siku moja tu. Na mtuwekee mlango wa kubadilisha maneno, kurekodi sauti zetu, kuongeza maswali ya watoto wenyewe. Programu isiyobadilishika ni kitabu ambacho mwalimu haruhusiwi hata kukiandika pembeni.

Kwa wanaoandaa semina nina ombi moja. Semina niliyohudhuria ilikuwa ya siku mbili. Tulifundishwa kuwasha, kuzima, kuweka nywila na kutunza chaji. Hakuna hata dakika iliyozungumzia nifanye nini na pembe butu, au na mtoto anayenong'ona. Mkufunzi alikuwa mstaarabu na alijua kifaa chake vizuri. Ningeomba safari nyingine aje wakati wa vipindi, aketi kwenye dawati la nyuma pamoja na watoto watano na kishikwambi kimoja ambacho betri yake imebaki nusu, tupange somo moja pamoja kuanzia kengele hadi kengele.

Na kwa mzazi mwenzangu aliyeandika barua ile: jioni mwanao akirudi, usimuulize amepata nyota ngapi. Muulize ametunga nini leo, umwombe akuonyeshe. Akikosa cha kukuonyesha wiki nzima, njoo shuleni utuulize sisi walimu, una haki hiyo. Hapa kwangu, kundi la dirishani linaandaa maswali ya sehemu. Leo mchana walikuwa wanagombana juu ya nusu jumlisha theluthi: mmoja anataka jibu la uongo liwe mbili ya tano, kwa kuwa "mtu atajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini", mwingine anasema hilo linaonekana kirahisi mno na hakuna atakayelichagua. Kengele ililia kabla hawajaafikiana, na wameniomba nisiwafutie ubao hadi kesho.

Wako,
Mwalimu wa Darasa la Nne